Mimi, Mama Mkwe na Safari ya Denmaki

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo Najma amekuja kibandani kwangu, hapa mbele ya nyumba. Najma ni yule binti wa Kitui mjini anayetembeza wageni wa vyuo. Safari hii analeta wanafunzi kumi na wawili kutoka Denmaki pamoja na mwalimu wao. Wanasomea jinsi nchi mbalimbali zinavyozalisha kawi na kuitumia. Wiki moja huku kwetu, kisha kuanzia mwisho wa Septemba wiki mbili kule kwao, walinganishe. Halafu akasema neno lililonifanya niweke bisibisi chini. Zile wiki mbili za kwao watamchukua mtu mmoja wa huku, awaeleze darasani tunavyoishi na moto. Nauli juu yao.

Mtu huyo ni mimi. Nani mwingine? Nina miaka ishirini ya kutengeneza redio na kuchaji simu za Tulia nzima. Nina paneli ya sola. Moja, lakini ipo.

Tatizo ni kwamba wageni watatembelea nyumba tatu kabla ya kuchagua. Yangu hapa Tulia. Ya Musyimi, Kwa Vonza. Na ya Kaveke, Mbumbuni, upande wa Makueni.

Kaveke ni mama mkwe wangu.

Mtu mwingine ningemsema sokoni, basi. Lakini kati ya Mkamba na mama mkwe wake kuna nthoni. Simtazami usoni. Siketi naye meza moja. Nitamshindaje mtu ambaye siruhusiwi hata kumtazama?

Kila nyumba imepewa daftari, iandike kila siku kawi inayotumia. Nikamwambia Najma kwangu hatutumii kuni kabisa. Si uongo mtupu. Mimi binafsi sijabeba kuni tangu nioe. Wakati nasema hivyo, moshi wa jikoni kwa Mwongeli, mke wangu, ulikuwa unapita katikati yetu. Najma akakohoa. Nikasema ni moshi wa jirani.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata dawa. Kilonzo wa duka la vifaa ana paneli nne zilizopasuka wakati wa kusafirishwa. Hazina kazi. Nimeziazima zote, nikazipandisha kwenye mabati, sehemu zilizopasuka nikazielekeza upande wa mbuyu ambako hakuna mtu anayepita. Nyaya zake nimezichomeka chini ya mabati. Haziendi popote. Lakini ukisimama barabarani! Nyumba inang'aa kama benki.

Jirani yangu Nzomo, yule wa kuchomelea mageti, alisimama akatazama sana. Akauliza kama sola yote hiyo inaweza kuendesha mashine yake. Nikamjibu inaweza kuendesha mashine tano. Ilikuwa njia ya kumaliza mazungumzo.

Daftari la leo: Kuni, sifuri. Makaa, sifuri. Jua, jingi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwonyesha Mwongeli daftari ili naye aseme hivyo hivyo wageni wakija. Amelisoma lote, hakubishana. Saa saba nikaingia kula. Sufuria tupu. Akasema kama kuni ni sifuri, basi muthokoi nao ni sifuri, kwa sababu mahindi yale hayajui kuiva kwa daftari.

Sikukata tamaa. Nilichukua lile dishi la zamani la televisheni, nikalibandika karatasi za biskuti zinazong'aa, nikalielekeza juani na birika katikati. Jiko la sola! Maji yakaanza kupata moto, nikaingia ndani kutafuta majani chai. Niliporudi jua lilikuwa limesogea. Moto uliokuwa wa birika ulikuwa umehamia kwenye kiti cha plastiki. Kimejikunja kama mzee anayesali. Ni kiti cha kuazima, cha kanisa.

Nimekunywa chai vuguvugu na mkate. Mwongeli alikula kwa akina Nzomo. Walikuwa na muthokoi.

Alhamisi, 7 Agosti

Wageni walikuwa Kwa Vonza jana. Habari zimefika: Musyimi aliwaambia hata samaki wake wanafugwa kwa stima, wakaomba kuwaona, na bwawa halina maji tangu Machi. Mmoja ameshatoka.

Leo nimekwenda Mbumbuni. Nilimwambia Mwongeli naenda kumsalimu mama. Kweli nilimsalimu. Nilisimama nje ya lango la ng'ombe, macho kwenye kiatu changu, naye akaketi barazani amegeuka upande. Tukaongea hivyo, kama redio mbili.

Nilimweleza kwamba nimemwonea huruma kwa ajili ya safari hii. Nikasema Denmaki kuna baridi ya kupasua ndoo. Nikasema wanakula samaki mbichi, na ndege inakaa angani usiku kucha bila kusimama hata mahali pa kunyoosha mguu. Nikasema mtu wa miaka sitini na nne ana haki ya kupumzika.

Alisikiliza yote. Akanishukuru kwa kumjali, akasema ataliombea. Kisha akaagiza nifungiwe kuku, nipeleke nyumbani.

Njia nzima kuku yule alikuwa ananiangalia. Nitaandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma: niliona aibu. Lakini mimi nina miaka arobaini na sita. Niliitwa chuo cha ufundi nikiwa kijana, sikwenda, baba alikuwa mgonjwa. Tangu hapo nimejua stima kwa kuifungua na kuifunga. Nimeona vile vinu vyao vya upepo kwenye simu za wateja, virefu kuliko mnara wowote wa huku. Ninataka kusimama chini ya kimoja nisikie kinavyolia. Basi.

Kuku tulimla. Aliiva kwa kuni. Daftari: sifuri.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Walifika saa nne. Vijana warefu, wekundu kwa jua, na mwalimu wao Birgit, mama mwenye kofia pana. Najma alikuwa anatafsiri. Nilihutubia dakika ishirini chini ya paneli zangu tano. Waliandika. Nilikuwa nimeshafika uwanja wa ndege kichwani.

Ndipo Nzomo akatokea na mashine yake ya kuchomelea kwenye wilbaro. Akasema kwa kuwa wageni wapo, ni vizuri waone sola ikifanya kazi ya kiume. Nilijaribu kumkonyeza. Akanikonyeza pia, akachomeka.

Inverta ya sola ililia kama mbuzi, kisha kimya. Taa ikazima. Simu kumi na nne za wateja zikaacha kuchaji. Msichana mmoja wa Denmaki, mwenye kipimo cha stima mkononi, akauliza kwa upole kama anaweza kupanda aone tatizo. Kabla sijajibu alikuwa juu ya ngazi. Akarudi na ncha ya waya mkononi. Upande wa pili wa waya huo pia ulikuwa mkononi mwake.

Mwalimu aliomba daftari. Alisoma sifuri zangu moja moja. Halafu akamgeukia Mwongeli, akamuuliza wiki ni mizigo mingapi ya kuni.

"Mitatu," Mwongeli akasema. "Mvua ikinyesha, minne. Na ninaibeba mimi."

Wakaingia wote jikoni kwake. Walikaa humo saa mbili, wanalia kwa moshi, wanapima kuni kwa mizani, wanacheka naye. Mimi nilikuwa nje nikimsaidia Nzomo kupakia mashine.

Jumapili, 10 Agosti

Nimechangia kiti kipya kanisani, bila kueleza.

Baada ya ibada Najma akapiga simu. Aliyechaguliwa ni Kaveke.

Nikauliza kwa nini, kwa manufaa ya elimu tu. Najma akasema jana, Mbumbuni, mama aliwaonyesha mfuko wake wa gesi ya samadi, anayopikia, na daftari lenye kila kitu. Hata siku mbili mfuko ulipogoma na akarudi kwenye kuni, aliandika. Kisha badala ya kungoja maswali, akauliza yeye.

"Kwenu upepo ukilala, mnapika na nini?"

Mwalimu akacheka, akasema wakikosa upepo hununua stima kwa majirani, wale wenye mito mikubwa ya kuzalisha stima.

"Kumbe nanyi huomba moto kwa jirani," mama akasema. "Basi tutaelewana."

Najma anasema hapo ndipo mwalimu alipofunga kalamu.

Ni swali zuri. Ningelifikiria mimi kama nisingekuwa juu ya mabati.

Jumamosi, 27 Septemba

Mama mkwe aliondoka jana. Mwongeli alimsindikiza hadi uwanja wa ndege. Mimi niko Mbumbuni, kwa kuwa aliomba, kupitia Mwongeli, mimi ndiye nibaki na ng'ombe na ule mfuko. Alisema mkwe wake ana mikono mizuri, akitulia. Niliyarudia maneno hayo mara kadhaa, bila sehemu ya mwisho.

Ameacha maagizo kwenye karatasi. Kila asubuhi ndoo mbili za samadi, ndoo mbili za maji. Amepiga mstari chini ya mbili.

Jumatatu, 29 Septemba

Mwongeli amenitumia picha kwenye simu. Mama chini ya kinu cha upepo, kitambaa kichwani, amekitazama kama anayemkagua ng'ombe sokoni. Nimefurahi. Kweli kabisa.

Ila nimepiga hesabu. Ndoo mbili zinapika chai na chakula cha mchana. Huyu mama ni mwangalifu kupita kiasi. Leo nimetia ndoo tisa. Nimeshampigia Najma, nimemwambia Mbumbuni kuna mradi mpya wa kawi, mkubwa, unaongozwa na fundi, na kama Denmaki wana kozi nyingine mwakani wasisumbuke kutafuta mtu.

Mfuko umevimba vizuri. Unatoa sauti kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo. Nimesogeza kiti karibu nisikie.