Wanawake Sita kwa Chumba cha Injini

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa chuo chetu cha ubaharia katuita. Mabaharia wa zamani wanastaafu, wapya hawaji. Anataka wanafunzi kumi na wawili kufikia Ijumaa, nusu wawe wanawake, la sivyo kozi ya injini za meli inafungwa. Na mimi karani wa usajili nafungwa nayo! Mkufunzi wa kuogelea, kimbelembele yule, akasema atawatafuta. Nikamwahi: ninao tayari. Sina hata mmoja.

Jumanne, 4 Machi
Nimebandika tangazo: "Zunguka dunia, kula bure." Wanaume kumi na mmoja wamekuja, wote wakiulizia chakula. Wanawake, sifuri. Nimejaza majina ya shangazi zangu sita. Wawili ni marehemu. Nani atajua?

Jumatano, 5 Machi
Mkuu kaifurahia orodha. Kesho anataka kuwaona ana kwa ana! Nimekimbilia nyumbani kuungama. Mke wangu kacheka hadi kakaa chini, kisha akampigia simu mama yake, mwenye mashine ya kusaga nafaka. Aibu gani hii!

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe kafika na mafundi wake watano wa mashineni, wanawake watupu, unga hadi kwenye nyusi. Mkuu akaita majina ya shangazi. Mama mkwe akawahi: mkwe wake kakosea kuandika, waandikwe upya. Kisha wakaifungua na kuirekebisha injini yetu ya mafunzo, iliyogoma tangu mwaka jana. Ikanguruma! Mkuu akasogea kuitazama.

"Injini ya dizeli tunailea kila siku, mwanangu," mama mkwe akamwambia. "Hakuna aliyewahi kutuuliza kama tunataka kwenda baharini."

Machozi yakanilenga. Nikatangaza kwamba mimi ndiye niliyewafundisha.

Baadaye, kwenye bwawa la chuo, nikampiku mkufunzi wa kuogelea: nitaonyesha mwenyewe jaketi la kujiokolea linavyovaliwa. Nikalifunga kiunoni, nikaruka majini. Miguu juu, kichwa chini! Mama mkwe akanivuta kwa mkanda wa suruali. Mbele ya watu wote! Nitamtazamaje usoni?

Ijumaa, 7 Machi
Kozi imepona. Wanawake sita, wanaume sita kati ya wale kumi na mmoja, mama mkwe kiongozi wa darasa. Mkuu akauliza nani mzoefu wa bahari awasindikize wanafunzi melini miezi miwili. Nikasema mimi, nimesafiri mara saba. Kesho asubuhi nitamuuliza mtu mbele ya meli ni upande upi.