Yahusu: Jambo Linalochelewa Chumbani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kwako Shajara, salamu na heshima zitangulie. Madhumuni ya kuandika humu ni kuweka bayana jambo ambalo mimi, mwandishi wa barua za maombi ya watu wenye shida, nimeshindwa kulitamka kwa kinywa changu. Tendo la ndoa nalianza vema, naliendeleza vema, ila halifiki tamati. Jasho hutoka. Pumzi hutoka. Mbegu, ndiyo inayosubiriwa, haitoki.

Jana, baada ya chakula cha mchana, nilighushi tena. Nikaguna, nikatetemeka kiasi, nikalala chali kama mshindi. Mke wangu akasema asante. Kisha akaegemeza miguu ukutani, kama alivyofundishwa na dada yake, ili alichopewa kisipotee. Akakaa hivyo hadi miguu ikafa ganzi, akiniuliza tukipata wa kike tumwiteje. Hakupewa kitu! Nikageukia upande wa pili.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mkakati: kutafuta ushauri kwa niaba ya rafiki. Nilimweleza kinyozi wangu kuwa yupo mwenzangu fulani ambaye huchelewa mno kumaliza, na aghalabu hamalizi kabisa. Wembe ukasimama shingoni. Akauliza huyo bwana anaishi wapi, akampigie magoti amfundishe. Benchi zima likaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mwambie tubadilishane, na baiskeli nimwongezee!" Nilicheka kuliko wote. Kisha nikaondoka, kisogo kimenyolewa upande mmoja, maana sikuweza kuendelea kuketi pale.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Hospitali. Nilikuwa nimeandaa maelezo yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Daktari, binti wa rika la mpwa wangu, aliyaweka kando, akaniambia, "Mzee wangu, niambie tu." Akauliza kama nikiwa peke yangu hufika. Nikajibu kuwa swali hilo liko nje ya ajenda. Akatabasamu, akangoja. Nikasema: mara chache, kwa taabu.

Akauliza lilianza lini. Tangu nilipomzika kaka yangu, nikapewa vidonge vya kutuliza huzuni, ambavyo mke wangu anadhani ni vya shinikizo la damu. Hapo akainua kichwa. Akaeleza kuwa baadhi ya vidonge hivyo huchelewesha jambo lenyewe; kuwa hofu nayo hulizuia, maana anayejichungulia kila mara kama amekaribia, hakaribii; kuwa wanaume wengi wana tatizo hili na wamenyamaza, nalo lina msaada. Nisiache vidonge kwa uamuzi wangu. Yeye na aliyeniandikia watatazama kama vipunguzwe au vibadilishwe. Nije na mke wangu. Na niache kuigiza.

Nilimshukuru kwa maneno mazito. Njiani nikaamua kuacha vidonge. Vikiondoka, tatizo litaondoka, na mke wangu hatakuwa na haja ya kujua lolote. Nani awezaye kuipinga hoja hiyo?

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Hoja imepingwa. Kizunguzungu! Kichwa kinavuma kama bati chini ya mvua. Asubuhi mjane mmoja alinijia kibarazani nimwandikie ombi la kurithi chumba cha mumewe. Nilipofika kwenye neno "marehemu", nikaangua kilio. Akanipa ncha ya mtandio wake nijifute, akaniuliza, "Pole, baba. Kwani ulikuwa unamjua?" Hakuniachia kazi. Amekwenda kwa yule mwandishi wa jirani, asiyejua hata mahali pa kuweka mkato. Jioni nimerudi kwa daktari, nikagombezwa, nikavirudia vidonge.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, alikuja. Nikiwa sebuleni, nilimsikia jikoni akimwambia mdogo wake: mwanamume wako umekiri mwenyewe kazi yake anaifanya, basi kasoro imebaki kwa nani? Ijumaa atampeleka kupimwa mirija ya uzazi. Wanasema kipimo hicho kinauma. Mke wangu alisugua sufuria mahali palepale, kwa muda mrefu.

Baadaye akaja akaketi kando yangu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mume wangu, niambie ukweli. Tatizo ni mimi?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasafisha koo. Nikamjulisha kuwa hoja yake imepokelewa na inafanyiwa kazi. Akanitazama kama mtu aliyefika dirishani akakuta ofisi imefungwa.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Alfajiri mke wangu aliniomba msamaha. Yeye, aniombe mimi! Akasema nikioa mwingine hatanilaumu. Nikaona wakati umewadia. Nikaanza: "Mke wangu mpenzi, kwa heshima na taadhima, napenda kukujulisha kwamba..." Akaniziba mdomo kwa kiganja. Akasema anajua namwonea huruma, yatosha. Akanivuta kwake, akilia. Nami, kwa kuwa nilitaka atulie, niliguna, nikatetemeka.

Akatulia. Akasema pengine safari hii.

Sasa amekwisha kuoga, anatafuta kiatu cha pili. Shemeji amepiga hodi. Kwa kuzingatia yote yaliyoelezwa hapo juu, naomba uniamulie, Shajara: nimwambie, au nimwache aende? Naomba uamuzi kabla hajatoka.