Mbuzi wa Mzee Mangi kwenye Ardhi Yangu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mimi ni tajiri. Nimeligundua leo nikinyoa ndevu. Tangu harusi tunaishi hapa Muyeye katika nyumba ambayo mama mkwe alitupa zawadi, nami nimekuwa nikiiona kama mahali pa kulala tu. Kumbe ni mtaji! Unaipeleka benki, wanaithamini, wanakukopesha kwa dhamana yake, nawe unaendelea kulala humo humo. Kwetu Nyeri kila mwenye akili hufanya hivyo. Nitanunua mtambo wa barafu. Nimetengeneza friji za watu vya kutosha. Nyevu sijamwambia. Mke hufurahi zaidi jambo likishakamilika.

Jumanne, 5 Agosti

Benki. Afisa wa mikopo aliuliza kama nyumba ni yangu. Nikasema ni yangu kabisa, ya zawadi. Akauliza hati iko wapi. Nikasema kwa mama mkwe, mtaa wa Barani. Lazima iko huko, kwani itakuwa wapi? Akasema mthamini atakuja Ijumaa, hati iwepo.

Nyumbani nikakuta mbuzi wa jirani yetu, Mzee Mangi, wamelala tena chini ya dirisha. Nilimwamkia shikamoo, kisha nikamwomba kwa adabu awaondoe kwenye ardhi yangu. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Alicheka mpaka akashika ukuta. Ukuta wangu! Wazee wengine hawana heshima kwa mwenye mali.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepaka rangi nyumba nzima, krimu nje, buluu milangoni. Nimeazima makochi ya kanisa hadi Jumamosi. Nyevu akauliza kuna nini. Nikasema ni mapenzi tu. Akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Alhamisi, 7 Agosti

Uzio wa seng'enge, kuzuia mbuzi. Mzee Mangi alileta kigoda akaketi kunitazama. Si mtu mbaya. Nilipokosea mahali pa nguzo alinielekeza mpaka ulipo, kona zote nne, bila kusitasita. Ajabu anavyokijua kiwanja changu.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku mbaya. Mthamini alikuja, binti mmoja aitwaye Cindy, mpole. Aliisifu rangi. Aliyasifu makochi. Kisha akaomba hati, na mama mkwe, niliyemwita kutoka Barani, akauliza hati ya nini. Ya ardhi, akasema Cindy. Mama mkwe akauliza ardhi gani. Yeye alitupa nyumba. Ardhi ni ya Mzee Mangi, na ilikuwa ya babake kabla yake, na kila mwezi mama mkwe humlipa kodi ya kiwanja tangu Nyevu hajazaliwa. Akasema nusu ya mtaa wanaishi hivyo, alidhani hata watoto wanajua.

Cindy akafunga mkoba. Alisema benki haikopeshi kwa kuta zilizosimama kwenye ardhi ya mtu mwingine. Akaniuliza nimekaa Pwani muda gani. Nikasema miaka sita. Alinitazama kwa huruma, akaenda zake.

Jumamosi, 9 Agosti

Mzee Mangi amekuja, na leo hakucheka. Alisema uzio angeuvumilia, lakini mtu anayepeleka ardhi ya mwenzake benki ni jambo jingine. Tuondoe nyumba yetu mwisho wa mwezi. Ana haki. Nyumba ni yetu, tunaweza kwenda nayo popote, mradi tujue kubeba kuta.

Nyevu amelia. Alizaliwa katika chumba hiki ninachoandikia. Hakunigombeza hata kidogo, na hilo limeniumiza zaidi. Nina aibu na nina hofu. Chakula hakikupita, isipokuwa samaki.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada mama mkwe alinichukua hadi kwa Mzee Mangi. Nimeomba radhi. Nimeeleza yote, hata barafu. Mama mkwe akamkumbusha kwamba Nyevu alijifunza kutembea kwa kushikilia mikia ya mbuzi wake. Mzee akaniomba niseme tena yale maneno ya ardhi yangu. Nikasema. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Tunabaki. Kodi ni ile ile. Seng'enge itajenga zizi la mbuzi, na fundi ni mimi. Njiani Nyevu alinishika mkono. Nimemwapia kwamba nyumba hii sitaipeleka benki tena maishani mwangu.

Jumanne, 12 Agosti

Zizi limekwisha. Mbuzi wamekataa kulala ndani, wamerudi chini ya dirisha.

Mama mkwe amefurahishwa na unyenyekevu wangu, ametupa zawadi nyingine: minazi kumi na miwili, kule Kaloleni! Nimeshakuwa makini siku hizi, kwa hiyo nimemuuliza waziwazi kama ni yetu. Akasema ni yetu kabisa, nazi, makuti na vivuli vyake. Basi. Kiapo kilihusu nyumba. Na mnazi hauoti hewani, kwa hiyo minazi kumi na miwili, kwa hesabu yangu, haipungui nusu ekari. Mama mkwe alikuwa bado ananieleza jambo refu kuhusu binamu yake Kalume na shamba, lakini sikuweza kumsikiliza hadi mwisho. Benki hufungwa saa kumi.