Silaha za Shemeji Verlon Siku ya Harusi

Katika jimbo zima la Oklahoma hakuna mwanaume aliyekuwa tayari kwa hatari kama shemeji yangu Verlon! Tatizo lilikuwa moja tu: hatari yenyewe haikutokea. Miaka ishirini na saba tangu amwoe mdogo wangu Oleta, kitu cha kutisha kuliko vyote kilichowahi kuingia uani kwao ni bata mzinga wa jirani. Na huyo alifukuzwa na Oleta kwa ufagio.

Verlon hakukata tamaa. Kila asubuhi alizipanga bastola na visu vyake juu ya meza ya jikoni, pembeni ya sahani ya mayai, akawa anachagua kama mwari anayechagua hereni.

"Oleta, leo nivae ile nyeusi au ile ya rangi ya fedha?"

"Kwani unakwenda wapi?"

"Kununua chakula cha kuku."

"Basi vaa kofia, kuna jua."

Msimdhanie vibaya. Mbele za Mungu nasema, Verlon hana ubaya wa kumuumiza hata inzi. Mimi mwenyewe nimemwona akimtoa buibui nje kwa kikombe, tena akimwomba radhi. Lakini mdomo! Ukimkuta kwenye ngazi za kanisa Jumapili baada ya ibada, atakupa mahubiri ya pili, marefu kuliko ya mchungaji.

"Shemeji," ananiambia, "bastola ni kama kiatu. Kubwa mno itakulemea, utaiacha nyumbani. Ndogo mno, mkono hauishiki vizuri. Ile utakayoivaa mpaka usahau kwamba umeivaa, hiyo ndiyo yako."

"Na kisu?"

"Kisu ni lazima kifunguke kwa mkono mmoja! Siku ya hatari mkono wa pili una kazi."

"Kazi gani, shemeji?"

Akanitazama kwa huruma. "Ndiyo maana nyie mnahitaji watu kama sisi."

Halafu akachomoa kalamu mfukoni. Mimi niliona kalamu. Yeye aliona mkombozi wa wanadamu. Ilikuwa ya chuma, nzito kama nyundo, na kitako chake kilichongoka. "Gari likikufungia, gonga kioo mara moja tu, paa! Kinamwagika chote kama chumvi. Mwenye kalamu hii, gari haliwezi kumshinda!"

Nikamuuliza kama inaandika. Akasema hajawahi kuijaribu.

Jambo lingine mnalopaswa kulijua ni suruali zake. Bastola aliichomeka kwa ndani, kati ya suruali na tumbo, kama wafanyavyo wenzake wote. Kwa hiyo kiuno cha Verlon kilikuwa thelathini na nne, na suruali zake zote zilikuwa thelathini na nane. Tofauti hiyo ilijazwa na chuma.

Sasa basi. Mwezi wa saba binti yao wa pekee, Kaylene, akawa anaolewa na kijana mwanajeshi anayeitwa Tobin. Basi la Tobin la kurudi kambini lilikuwa linaondoka saa saba mchana siku hiyohiyo, kwa hiyo harusi ikawa ya mahakamani. Jaji alitupa robo saa tu, katikati ya kesi zake: kuanzia saa tano na nusu hadi saa sita kasorobo. Baada ya hapo, mpaka kesho. Na kesho bwana harusi hayupo!

Kaylene alimshika baba yake mikono yote miwili. "Baba, tangu nikiwa mdogo unaniambia utanishika mkono unipeleke kwa mume wangu. Mahakamani hawaruhusu hivi vitu vyako. Siku moja tu, viache nyumbani."

Verlon akapiga kifua. "Mwanangu, mtu wa silaha ni mtu wa sheria na nidhamu! Bastola itabaki kwenye pikapu, ndani ya sanduku lenye kufuli. Nitaingia mle mweupe kama malaika."

Kwa wiki mbili alikuwa akichagua bastola ya kuvaa harusini. Hiyo hiyo ya kuachwa garini! Mwisho alipata moja yenye mpini wa lulu, iliyofanana na tai yake.

Siku ikafika. Tulikuwa mahakamani mapema: Oleta, bwana na bibi harusi, na mimi na biblia yangu. Keki niliyoioka niliiacha kwenye gari langu ikiwa ndani ya barafu, katika boksi nililolifunga kwa kamba kwelikweli, maana barabara yetu ina mashimo. Wenzangu wakapanda juu. Mimi nikabaki mlangoni kumsubiri Verlon.

Akaja saa tano na dakika ishirini na tano, suti imenyooka, buti zinang'aa. Pikapu alikuwa ameiacha mwisho kabisa wa uwanja, karibu na uzio, pua ikitazama barabara. Yeye huegesha hivyo kila mahali, hata kanisani, ili hatari ikija aondoke wa kwanza.

Pale mlangoni alikuwa Wynona, mlinzi, mwanamke mpana mwenye sauti ya upole. Walisoma darasa moja na Verlon.

"Umeacha kila kitu, Verlon?"

"Dada Wynona, hapa unamtazama malaika."

Malaika akapita kwenye mashine ya kukagua chuma. Piii! Piii! Piii!

Kwenye mfuko wa suruali, kikining'inia kwa kibanio chake, kilikuwepo kisu. Kile kinachofunguka kwa mkono mmoja.

"Nisamehe, hiki nimekizoea," akasema.

"Sisi hatutunzi vitu, Verlon. Kirudishe garini."

Akaenda, hatua mia mbili katika jua lile, akarudi, uso umeiva. Akapita. Piii!

"Buti," akasema Wynona.

"Buti lina nini?" Verlon akainama, akapapasa, akatoa kisu cha pili, chembamba kama mkia wa panya. Akakitazama kwa mshangao kama mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni. "Kumbe ulikuwa huku!"

Akaenda. Safari hii alikimbia kidogo. Akarudi anahema. Piii!

Bizimu ya mkanda wake, ukiivuta, inatoa wembe. Na Wynona, akimkagua koti, akaipata ile kalamu ya chuma.

"Hiyo ni ya kuandikia!" Verlon akalalamika.

"Andika jina lako hapa."

Akaandika. Haikuandika.

Saa tano na dakika thelathini na sita! Juu kwenye ngazi Oleta akachungulia. "Verlon! Jaji amekaa! Umevaa duka zima?"

"Nakuja, mama!"

Akavua mkanda, akaondoka na kalamu. Aliporudi, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeishika suruali. Bastola haipo, mkanda haupo, thelathini na nne imebaki peke yake ndani ya thelathini na nane. Mungu anisamehe, nilifunika uso kwa biblia.

Piii!

Nikadhani analia yeye. Ilikuwa ni mashine. Safari hii ni funguo: kwenye pete yake kilikuwepo kisu kidogo kama ukucha wa kuku. Verlon akajaribu kukitoa kwa mkono mmoja, kwa meno. Pete imekaza.

"Wynona, mimi na wewe tuliimba kwaya ya shule! Binti yangu yuko juu!"

"Najua, Verlon. Ndiyo maana nakwambia kimbia."

Alikimbia! Koti linapepea, mkono mmoja kiunoni, buti zinapiga lami. Nilimwona akifungua mlango, akaweka kitu ndani. Kwa kuwa ni mtu wa nidhamu, na mtu wa nidhamu haachi silaha ndani ya gari lililo wazi, akabonyeza kitasa na kuubamiza mlango. Akarudi, akapita kwenye mashine. Kimya! Wynona akapiga makofi.

Tuliingia kwa jaji saa tano na dakika arobaini na tatu. Kaylene alikuwa amesimama mlangoni, ua moja mkononi, machozi yamekaribia. Verlon akampa mkono wa kulia. Wa kushoto haukuondoka kiunoni hata kidogo. Wakatembea hivyo hatua sita hadi mbele.

"Nani anamtoa binti huyu?" jaji akauliza.

"Mimi na mama yake," Verlon akasema, na sauti ikamkatika. Hapo na mimi nililia, si kwa kicheko.

Akatia sahihi kama shahidi kwa mkono mmoja, kwa kalamu ya plastiki ya jaji, iliyoandika vizuri kabisa.

Tukatoka hadi kwenye meza za bustanini ili tule keki kabla ya basi. Nikaliweka lile boksi mezani. Nikavuta kamba. Fundo langu lilikuwa limekaza kama jiwe. Nikauliza bila kufikiri, kama tunavyouliza sote miaka hii yote:

"Jamani, nani ana kisu?"

Miaka ishirini na saba Verlon anaisubiri hatari, na kila mara wito unaokuja ni huo. Mikono yake haikumwuliza ruhusa. Yote miwili ilichupa, wa kulia mfuko wa kulia, wa kushoto mfuko wa kushoto.

Suruali ikashuka mpaka kwenye buti.

Kumbe kaptura yake ya ndani ilikuwa na picha za tai wa taifa, wakiruka kwa fahari! Bwana harusi, mwanajeshi mwenye adabu, akasimama wima na kumpigia saluti.

Kamba niliikata kwa meno. Tulikula, tukamwombea kijana safari njema, na Verlon akala vipande vitatu kwa mkono mmoja. Halafu akajipapasa koti kwa mkono uleule, polepole, akaacha kutafuna.

"Oleta," akasema, "funguo ziko ndani ya gari."

Tukaenda wote mpaka kule kwenye uzio. Tukachungulia. Juu ya kiti kulikuwa na kisu, kisu, mkanda na funguo, vimepangwa kwa unadhifu. Mlango umefungwa kwa nidhamu kubwa.

Oleta akavuta pumzi. "Verlon, ile kalamu yako ya kuvunja vioo vya magari iko wapi?"

Mkono mmoja wa Verlon ulikuwa na kazi. Kwa ule wa pili akanyoosha kidole, akagonga kioo taratibu, akatuonyesha: pale, kwenye kiti, karibu na mkanda.