Chupa Sita za Seli Shina

Mke wa mwenye duka la rangi aliacha dawa za saratani ya ovari, na aliyemwachisha ni Koti.

Koti hakuwa daktari. Koti jeupe lililompa jina alilinunua kwa muuza nyama aliyefilisika, akalifua mara nne, na doa moja la mfukoni likagoma kutoka. Akalifunika kwa kalamu tatu. Tangu hapo watu wazima walimwamkia.

Biashara ilimkuta kwenye benchi la kliniki, alikokwenda kuwauzia wagonjwa miwani. Mlango wa daktari ulikuwa wazi. Daktari alikuwa akimweleza mama mmoja kwamba kuna seli shina, seli zinazozaa seli nyingine, na kwamba wataalamu wanadhani zina kazi kubwa katika saratani ya ovari. Koti akasisimka mpaka vidole vya miguu. Wataalamu, kazi kubwa, ovari. Hakungoja mengine. Alitoka kama mtu anayeachwa na gari.

Nyuma ya maabara palikuwa na pipa la chupa ndogo zilizotumika. Akaokota sita, akazisuuza bombani, akazijaza maji, chumvi na tone la rangi ya keki. Akazilaza kwenye barafu kwa heshima zote.

Mwenye duka la rangi alikuwa mtu wa kubana hela mpaka zinalia.

"Dripu za saratani za mama nyumbani zimebaki ngapi?" Koti akamuuliza.

"Nne. Laki mbili kila moja. Usinikumbushe, daktari."

"Basi mzee wangu, hizi ni seli shina. Siku ya dripu, anakunywa chupa moja badala yake. Nne za kutibu, mbili za kukazia. Zinaikuta ovari imechoka, zinaijenga upya."

"Zote bei gani?"

"Laki sita."

"Nne."

"Mzee, hizi ni seli hai. Usizipunguze bei mbele yao, zinasikia."

Mzee akalipa laki tano na nusu, akadai risiti. Koti akamwandikia, maana daktari asiyetoa risiti ni tapeli.

Wiki sita baadaye, mchana, mwanamke mwenye mabuti ya mpira alibisha kwenye chumba cha Koti. Viganja vyake vilikuwa vimekunjamana kwa sabuni.

"Wewe ndiye daktari wa chupa?"

"Karibu dada. Una mgonjwa?"

"Mke wa mwenye duka la rangi ni dada yangu, tumbo moja. Mimi naosha vyombo maabara." Akaweka mezani chupa mbili tupu. "Usiangalie dirisha kaka, lina nondo. Nimekuja kukusaidia. Hizi umezitoa kwenye pipa letu?"

"Chupa ni chupa."

"Uliziosha kwa sabuni?"

Koti akazipanga upya kalamu zake tatu.

"Ulivaa glavu?"

Koti akaisogeza mikono mbali na chupa.

"Maskini. Humo ndimo tunamofugia seli shina za uvimbe wa ovari. Daktari hakukwambia? Wanadhani ndizo zinazojificha dawa ikipita, halafu zinauotesha ugonjwa upya. Wewe umeziuza kama tiba, tena umezishika mikono mitupu."

Koti akavitazama viganja vyake kama vya mtu mwingine. "Lakini mimi mwanamume. Sina ovari."

"Hilo ndilo linalotutia wasiwasi. Zikiingia zikaikosa, zitakaa wapi?"

Haki itendeke hapa. La kujificha na kuotesha, wataalamu kweli wanalichunguza, na bado wanabishana. La chupa lilikuwa uongo wa moja kwa moja: saratani haimrukii mtu kwa kusuuza chupa, na zile zilikuwa za maji safi ya kuchanganyia dawa. Lakini Koti hakuwa na habari hizo. Alianza kufuta viganja kwenye suruali hapo hapo.

"Dawa ipo?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ipo ya kuziua. Chupa nne. Ila naiiba, kaka, nikishikwa nafukuzwa. Laki nane."

"Laki nane kwa maji?"

"Nani kasema ni maji? Haya, kwaheri."

"Dada, subiri. Dada yangu."

Godoro likapasuliwa, likatoa laki sita. Ikaongezwa simu. Ikaongezwa redio. Koti akavua na koti.

"Hilo baki nalo," mwanamke akasema. "Linanuka mbuzi."

Akampa chupa nne zilizofungwa kwenye kitambaa. Koti akapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne ulimi ukasita. Chumvi ile aliijua. Alikuwa ameipima mwenyewe, kwa kijiko chake mwenyewe. Alipofika ngazini, mabuti yalishavuka barabara, na kwa polisi asingeweza kwenda bila kujishtaki mwenyewe.

Hesabu ya jambo lote ni hii. Koti alipoteza laki sita, simu na redio. Mwenye duka hakurudishiwa hata senti; shemeji yake aliuza vile vitu na kupeleka laki nane zote kwa mhasibu wa hospitali. Mke wa mwenye duka alikosa dripu mbili. Uvimbe uliokuwa umebaki punje ya harage ulipimwa tena ukakutwa na ukubwa wa ndimu, na daktari akaandika upya: si dripu nne sasa, ni nane.

Nne zimelipwa.