Gari la Umoja Lipewe Shikamoo

Dengfeng, Xiaobei,
Guangzhou.
21 Julai 2008

Kwa Bwana Zubeir,
Mwenyekiti, Umoja wa Wasafirisha Mizigo.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: UTOVU WA ADABU KWA GARI LA UMOJA

Natumaini barua hii itakukuta u mzima na pasi yako ya kusafiria iko mfukoni, maana siku hizi uzima bila pasi haukamiliki. Najua ukiona jina langu utasema Mpare huyu kaanza kesi tena. Ni kweli, mimi ni Mpare na kesi ninayo, lakini safari hii sijitetei mimi. Namtetea mzee asiye na mdomo, yaani gari ninaloliendesha kwa niaba yenu.

Gari letu ni la mwaka 1984. Likiwa baridi linawaka mara moja. Tukishalizungusha juani na mizigo kutoka soko la Liuhua mpaka ghalani, linazima ghafla. Stata inazunguka vizuri, lakini plagi hazitoi cheche. Halafu baada ya muda linawaka, utadhani halikuwa lenyewe. Fundi wetu Rodrick ameshabadilisha plagi, koili na nyaya, na sasa anadai ugonjwa uko kwenye kontrol boksi, kile kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche. Ati kikipata joto kinapoteza fahamu. Tulikwenda kutafuta kipya, na laoban, mwenye duka la vipuri, alisema meiyou, hakuna, kabla sijamaliza kutoa picha mfukoni.

Basi nimefanya uchunguzi wangu mwenyewe, na malalamiko yangu ni haya:

1. Gari linanyimwa heshima. Vijana waliozaliwa nyuma yake wanapanda bila shikamoo, wanabamiza mlango na kupandisha miguu kwenye dashibodi. Mzee gani angevumilia? Lilipozima pale barabara ya Huanshi Zhonglu, mmoja wao, Derick, alilipiga teke la tairi na kulitukana, nalo likagoma. Akatokea Bi Zainabu wa Unguja, akaegemea boneti, akalisalimia kama anavyosalimia watu wa kwao: shikamoo, umeshindaje, mwili una hali gani, wa nyumbani hawajambo, na joto hili unalionaje. Salamu ya Bi Zainabu unaijua, ukiianza na chai ya moto unaimaliza na chai ya baridi. Alipofika mwisho nikageuza ufunguo, likawaka.

2. Nimerudia jaribio hilo kama wataalamu wanavyofanya. Salamu ya vijana, mambo na poa, haikufaa kitu. Salamu ya Kipare ililifanya likohoe. Salamu kamili ya Unguja imeliwasha kila mara. Rodrick anacheka, anasema naliachia tu muda wa kupoa. Yeye ni Mchaga, na Mchaga na Mpare ni watani, kwa hiyo ushahidi wake haupokeleki.

3. Polisi wanakatiza salamu. Tangu msako huu wa wageni uanze, gari likizima tu askari wa kukagua visa wanatokea, na abiria wangu wanatawanyika vichochoroni wakiwa wameishia kwenye umeshindaje. Salamu iliyokatwa katikati ni matusi makubwa kuliko kutosalimia kabisa. Naomba Umoja uwaandikie polisi, kwa unyenyekevu, wasimkague mtu yeyote mpaka mzee awe ameitikia.

4. Mpwa wangu Dainess. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Visa yake inaisha kesho na wamekataa kuiongeza. Asiposafiri kesho jioni atashikwa, na akishikwa hatarudi tena China, na duka la nguo la dada yangu kule Same linamtegemea yeye. Teksi zikiona marobota yetu hazisimami, kwa hiyo ni gari hili au hakuna. Nimemsihi aliamkie kabla ya kupanda. Kanijibu, mbele ya watu, kwamba hawezi kumwamkia mzee asiye na masikio! Mwenyekiti, mtoto huyu ndiye jamaa yangu pekee katika mji huu. Sitaki aondoke. Ila akishikwa, sitajisamehe.

Kwa hiyo naomba Umoja upitishe kanuni kwamba kila abiria aliyezidiwa umri na gari aliamkie kabla ya kupanda. Kwamba Bi Zainabu ateuliwe Msalimiaji Mkuu na apewe kiti cha mbele. Na kwamba Rodrick asifungue tena boneti bila kubisha hodi.

Nisalimie wote wa jengo lenu, walioko vyumbani na waliojificha darini.

Ni mimi, mtiifu wako kwa Umoja na kwa mzee,

Heriel
Dereva

N.B. Jana sikuwahi kuituma barua hii, na leo mambo yamebadilika. Gari lilizima barabara ya uwanja wa ndege. Nikaanza salamu, na Dainess, kwa hofu ya kukosa ndege, naye akaliamkia huku machozi yakimtoka. Halikuwaka. Akaja askari. Alitutazama tukizungumza na boneti, akaifungua, akagusa kile kisanduku, akaunguza kidole. Basi akakiwekea juu chupa yake ya chai iliyoganda barafu, tukasimama wote watatu tunaitazama. Pasi hakuuliza. Gari likawaka, na Dainess amepanda ndege. Naifuta kesi yote. Rodrick alisema kweli, na nakuomba kwa jina la Mungu asijue kwamba nimekiri.

Wakati wa kurudi limezima tena, na chupa sina. Sasa najua kwamba gari halisikii. Hata hivyo nimeegemea boneti, nimeanza kulisalimia, na nilipofika kwa wa nyumbani hawajambo nimeshindwa kuendelea. Nimelia kweli, Mwenyekiti, mtu mzima, kando ya barabara ya watu. Lilipowaka sikwenda ghalani. Nimeegesha nje kwa Bi Zainabu, namalizia kuandika haya namngoja amalize kuswali, nimsalimie.