Jina Langu Juu ya Jalada

Jumatatu, 3 Juni 1957

Nimechoka. Bruda Theofili amebadilisha mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga, kwa hiyo kitabu cha maelekezo lazima kiandikwe upya, kwa hiyo jalada lichorwe upya. Mchoraji ni mimi. Mgongo unauma. Jalada la kwanza nilichora mashine yenyewe, Bruda akaniuliza kwa upole kama ile ni cherehani.

Kalisti, anayepiga taipu kurasa za ndani, amesema jalada si kazi, ni pambo. Kalisti ana baiskeli. Watu wa baiskeli wana maneno mengi.

Alhamisi, 6 Juni

Posa yangu imejibiwa. Yaani, nimeitwa Kasokola kuhojiwa. Mzee Baltazari, babake Theopista, alinipa kigoda kifupi, akalaza fimbo yake magotini, akauliza nafanya kazi gani pale misheni. Nikasema natengeneza vitabu. Akataka kuona. Nilikuwa nacho mfukoni. Akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma, akauliza jina langu liko wapi.

Halipo. Akasema fundi ana jina. Nikirudi na kitabu chenye jina langu juu, tutazungumza. Nikishindwa, kuna kijana mwingine wa misheni ameshapita hapo kusalimia, tena kwa baiskeli.

Theopista alinisindikiza hadi njiani. Akaniambia nifanye haraka, na nisilete ujanja. Sijui hilo la pili limetoka wapi.

Ijumaa, 7 Juni

Bruda hataki majina kwenye vitabu. Anasema kazi ni ya Mungu. Sawa, lakini Mungu haoi Kasokola.

Nilimngoja akague stensili, ile karatasi ya nta ya kuchapia, aitikie kwa kichwa, atoke. Chini ya mchoro palikuwa pameandikwa TOLEO LA PILI. Nikaongeza mstari mmoja tu: FABIANI. Herufi kubwa zile zile, ili pasiwe na dharau. Kalisti alizungusha mashine ya kuchapia bila hata kutazama. Vitabu vimeondoka na lori: Kasokola, Sitalike, Usevya. Kila penye mashine kitabu hutundikwa ukutani kwa msumari, jalada mbele. Kila mama atakayeleta mpunga ataliona jina langu. Leo nitalala.

Jumamosi, 15 Juni

Makubwa. Lori limeniletea gunia la mchele kutoka Usevya na ndoo mbili kutoka Sitalike. Dereva akasema waendesha mashine wanasalimia, na kwamba huo ndio wa Fabiani, kama ilivyoandikwa.

Sikuelewa vizuri, ila sikuuliza. Miaka yote hii nachora na hakuna aliyenipa hata ahsante. Kumbe watu wa Usevya wanapenda sanaa. Ndoo zimebaki kwangu. Gunia nimempelekea Mzee Baltazari. Amelipokea kwa mikono miwili, akasema naanza kufanana na mtu. Mashine ya Kasokola imeharibika wiki nzima, kwa hiyo jina langu hajaliona bado. Nikamwambia atulie, ataliona.

Jumanne, 18 Juni

Ameliona.

Mashine ilitengemaa jana, Theopista akapeleka mpunga. Desturi ni bakuli moja, malipo ya mashine. Akatoa. Mwendesha mashine akamwonyesha ukutani, akamwambia hilo ni la kwanza, sasa alete la pili, la Fabiani. Toleo! Waumini wote wa huku wanajua toleo ni kitu unachotia kapuni kanisani. Kumbe maneno ya jalada la zamani, toleo la kwanza, walidhani ni lile bakuli la malipo. Sasa wamesoma toleo la pili, Fabiani, wakatoa. Wiki nzima. Hata shangazi yake Theopista kule Usevya ametoa, na ni mjane.

Leo asubuhi Mzee aliingia ofisini, Theopista nyuma yake na gunia kichwani. Wakalitua mbele ya Bruda. Mzee akasema kwao kilichoandikwa na misheni kwenye mashine hufuatwa, hakijadiliwi, na hakutegemea posa ya binti yake ilipwe kwa mchele wa shangazi yake. Nilitamani sakafu inimeze. Kalisti alihama chumba akacheke vizuri.

Bruda alinitetea, na hilo sitalisahau. Akaeleza kwamba watu wa vitabu nao wana neno toleo, na kwamba mimi si mwizi, ni mjinga tu. Mzee alifikiri sana. Akasema basi atalitazama jina langu mara moja zaidi, likiwa mahali pa heshima. Baada ya hapo asinione.

Theopista aliniambia mlangoni kwamba amechoka kunisemea kwa baba yake. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka kweli, na hiyo iliniuma zaidi. Nampenda. Nimeandika mara moja, inatosha.

Mchele unarudishwa wote. Ndoo moja nilikuwa nimeshaila.

Jumatano, 26 Juni

Kitabu kingine. Bruda amekuta kosa kwenye ukurasa wa mafuta. Neno toleo limepigwa marufuku. Ameniambia niandike Chapa ya Tatu, maana kuchapa vitabu ni kuchapa vitabu, hapana wa kukosea hapo. Na jina langu ameliruhusu, kwa ajili ya Theopista, ila liwe dogo, chini, pembeni.

Dogo, chini, pembeni. Mzee Baltazari haoni vizuri.

Ijumaa, 28 Juni

Nimemaliza, na safari hii nimetumia akili. Bruda alipokwisha kukagua na kutoka, lile "ya tatu" nimelitoa. Hesabu ndiyo iliyotuponza. Mtu akiona namba anatafuta bakuli. Nafasi iliyobaki nikalikuza jina. Nilitaka kuweka nukta mbili katikati, lakini zilitoboa stensili, nikaziacha. Limebaki jambo safi, maneno mawili, yanasomeka kutoka barabarani:

CHAPA FABIANI

Theopista alipita misheni akaomba alione kwanza. Nikamwambia asubiri kama wengine, ni zawadi. Akanitazama, akaondoka.

Cha ajabu ni Kalisti. Alilitazama jalada muda mrefu, akainama kufunga kamba za viatu. Amevaa ndara. Alipoinuka macho yalikuwa na machozi. Akasema hajawahi kuona jalada zuri namna hii, na kwamba Kasokola atakipeleka yeye mwenyewe kwa baiskeli, leo hii, akitundike kwa mkono wake. Nimemsamehe yote.

Jioni amerudi na salamu za Mzee Baltazari. Mzee amelisoma, kisha akaomba asomewe tena na mwendesha mashine, wakakubaliana. Amesema huko kwao kilichoandikwa na misheni hufuatwa neno kwa neno. Jumapili baada ya misa atakuwa pale na fimbo yake, na wazee wenzake watakuja, na shangazi ametumiwa habari Usevya.

Heshima iliyoje. Nimeazima koti. Nitasimama chini ya jalada, mgongo ukutani, ili hata asiyenijua ajue Fabiani ndiye yupi.